Hameni, sawa, tuhamie wapi?

Mwalimu yeyote wa sarufi anajua kwamba kitenzi 'hama' hutosheka na mahali mtu anapotoka. Ukitaka kutaja anakokwenda, aghalabu hukinyambua katika kauli ya kutendea, ukasema 'hamia'. Irabu hiyo moja, ambayo wanafunzi wetu huiona kuwa uchovu wa darasani, iligeuka suala la uhai na mauti mnamo mwaka 2024.

Mvua za masika mwaka huo zilipozidi, mito ya Mathare na Ngong ilivunja kingo zake na kuzoa nyumba na watu jijini Nairobi. Aprili 29 maji yaliporomoka Mai Mahiu alfajiri, yakaua makumi ya watu. Mnamo Mei 2 Wizara ya Usalama wa Ndani iliwaamuru wote walioishi kando ya mito mikubwa, na karibu na mabwawa 178 yaliyotajwa kuwa hatari, wahame katika muda wa saa 24. Makao ya muda yaliahidiwa. Amri hiyo ilikuwa na muda na idadi, na nguvu ya dola nyuma yake. Lakini mkazi wa Mathare aliyebeba godoro kichwani alihitaji kujua mengine: ni shule gani au kanisa lipi litakalompokea, njia ipi haijafurika, nani ana ufunguo wa lango, na nyanya asiyeweza kutembea atabebwa na nani. Shule, majengo ambayo kila mtu huyafikiria kwanza maafa yanapotokea, zilikuwa zimefungwa. Muhula wa pili ulicheleweshwa hadi Mei 13. Kisha tingatinga zikaja, na waliokuwa bado wakiuliza pa kwenda wakazikuta nyumba zao chini.

Sidai kwamba serikali haina mipango ya kuwahamisha watu wakati wa dharura. Yamkini ipo, tena imepigwa chapa vizuri na kuwekwa kabatini. Ninalodai ni kwamba mpango wa aina hiyo, usipojulikana na yule atakayekimbia, haumfai kitu siku ya maji.

Na hapa sheria imo upande wa raia kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza njia. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Naam, Kiswahili kimetajwa humo waziwazi. Kuliwasilisha hakulipiwi ada, na mwombaji halazimiki kueleza sababu zake. Asiyeweza kuandika, afisa wa habari anapaswa kumsaidia na kuliweka ombi lake katika maandishi. Jibu hutolewa katika muda wa siku 21, lakini habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda huo ni saa 48. Kama orodha ya mahali pa kukimbilia mafuriko haihusu uhai, basi sijui ni habari ipi inayouhusu.

Najua watakaosema kwamba hizo ni siri za usalama. Siri ya nani, dhidi ya nani? Mto hausomi nyaraka. Wengine watasema suala hili ni la Kaunti, na Kaunti iseme ni la Serikali Kuu. Katiba imewapa wote wawili jukumu la kukabiliana na maafa, kwa hiyo aulizwe yeyote aliye karibu. Sheria hiyo hiyo inamruhusu afisa kulipeleka ombi kwenye ofisi inayohusika katika muda wa siku tano.

Wanaodhani kwamba jambo hili ni gumu watazame New Orleans, kule Marekani. Agosti 28, 2005, siku moja kabla ya kimbunga Katrina, wakazi waliamriwa kuondoka. Wenye magari waliondoka. Makumi ya maelfu wasiokuwa nayo walibaki, na wengi wao wakasongamana katika uwanja wa Superdome. Baada ya msiba ule jiji lilichagua vituo 17 vya kuwachukulia wasio na magari, na mwaka 2013 likasimamisha katika vituo hivyo sanamu za chuma za mtu aliyeinua mkono kana kwamba anasimamisha basi. Asiyejua kusoma huielewa sanamu ile, na mtoto huipita kila siku akienda shuleni. Tena imesimama pale hata wakati wa kiangazi, wakati ambapo hakuna anayewaza habari za maji.

Sisi walimu tuna nafasi yetu. Kila mwaka tunawaandikisha wanafunzi barua rasmi: wanaomba kazi katika kampuni zisizokuwepo, kwa wakurugenzi waliobuniwa, kupitia masanduku ya posta ya uongo. Mwaka huu mada iwe ya kweli. Darasa liandike, mwalimu atie sahihi kama raia, na barua ipelekwe katika ofisi ya Kaunti kabla ya masika. Iulize mambo machache tu: wakazi wa wadi yetu watahamia wapi mto ukifurika, jengo hilo linatosha watu wangapi, nani atalifungua usiku, wagonjwa na walemavu watafikishwaje, na je, shule yetu ni miongoni mwa makao hayo, maana walimu wakuu nao wanastahili kujua. Iombe majibu kwa Kiswahili, kwani sheria inataka lugha ya mahali izingatiwe habari zinapotolewa. Wasipojibu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, na siku za kufanya hivyo ni 30.

Nakala moja ibaki shuleni, ikiwa imegongwa muhuri wenye tarehe na saa ya kupokelewa. Saa 48 huanza kuhesabiwa hapo.