Nyumba ya Kumbukumbu Ijaze Mwenyewe

Huenda umewahi kuketi katika chumba cha mtihani ukiwa na hakika kwamba hoja ya nne unaifahamu, nayo ikakataa kabisa kuja. Ulikariri orodha. Orodha ikikatika mahali pamoja, yaliyofuata nayo hupotea. Iko mbinu ya kale inayoweza kukufaa, ila ina sharti moja ambalo wengi hulipuuza.

Cicero, msemaji hodari wa Roma, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 55 K.K. Anasimulia kwamba Simonides, mshairi Mgiriki, aliitwa nje akiwa karamuni. Alipotoka tu, paa likaporomoka na kuwaua waliobaki ndani. Maiti zilikuwa zimepondeka zisitambulike, lakini Simonides alizitambua kwa kukumbuka kila mtu alikuwa ameketi wapi. Funzo ni hili: tukipe kila kitu mahali pake, tutakipata tukikihitaji.

Chukua tamthilia ya *Kigogo* yake Pauline Kea, na swali la uongozi mbaya. Huhitaji kasri, shule yako yatosha. Pitia njia unayopita kila siku. Langoni, tundika kufuli kubwa na uwaone wachuuzi wakilia nje: Majoka amelifunga soko. Katika ukumbi wa chakula, weka keki mezani: Kenga amewaletea wachongaji makombo ya sherehe. Jikoni, mwone Mamapima akipima pombe huku kibali kikining'inia ukutani. Kwenye madirisha ya bweni yenye vyuma, muone Ashua akichungulia: ametiwa korokoroni ili Sudi ashurutishwe kuchonga kinyago. Ipitie njia hiyo kesho, kisha baada ya wiki, bila kufungua kitabu.

Sasa sharti lenyewe. Kwa maoni yangu, nyumba hii haina faida ukiijaza vyombo vya kuazima. Wako watahiniwa wanaochukua hoja kutoka miongozo, hata huu ulio mkononi mwako, wakazipanga vizuri vichwani bila kuisoma tamthilia. Swali likija jinsi walivyolitarajia, wanaandika. Likigeuzwa kidogo, wanakwama. Ameulizwa umuhimu wa Sudi, naye anaandika uongozi mbaya kwa sababu ndio alioubeba.

Aliyesoma kitabu hakwami hivyo. Anaiangalia keki ile ile na kukumbuka kwamba Boza aliipokea ilhali Sudi aliikataa. Keki moja inampa ubaya wa uongozi, msimamo wa Sudi, udhaifu wa Boza na hila za Kenga. Picha ni ile ile. Kinachobadilika ni swali analoiuliza. Aliyeazima hoja ana keki tu, wala hajui nani aliila.

Utaniambia muda ni mfupi na masomo ni mengi. Ni kweli. Lakini hesabu vizuri: picha huundwa kwa dakika chache tu ukiwa umeisoma sehemu husika, ilhali orodha usiyoielewa utairudia mwezi mzima na bado ikuponyoke siku ya mtihani. Hasara si alama 20 za swali moja pekee. Utakuwa umepita kidato cha nne na tamthilia nzima bila kusikia Tunu anapigania nini, na huku nje wako akina Majoka wanaokungoja.

Basi fanya hivi. Soma onyesho moja leo. Funga kitabu. Chagua tukio moja lililokugusa, uliweke mahali unapopajua, kisha ujiulize maswali matatu: nani alihusika, kwa nini, na tukio hili linajibu maswali gani? Ukishajibu, ndipo urudi katika mwongozo kuona kama umeacha jambo. Mwongozo ni wa kukusahihisha. Kusoma ni kazi yako.