Kukatika Pumzi Usingizini: Lawama Isimwangukie Mgonjwa

Walimu wengi watakuwa wamewahi kumwona mtu mzima, mwenye siha njema, akisinzia mkutanoni saa nne asubuhi, na pengine wakamcheka. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipokuwa masomoni Uingereza nilisinzia maktabani, nikasinzia katika basi, na siku moja nikasinzia mbele ya msimamizi wa tasnifu yangu. Hatimaye nililazwa hospitalini usiku mmoja, nyaya kichwani na kifuani, ikabainika kwamba pumzi yangu ilikuwa ikikatika zaidi ya mara 30 kwa kila saa ya usingizi.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Mtu alalapo misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi yetu ulimi na nyama laini za koromeo huiziba njia ya hewa kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka, na mtu huamka kidogo pasipo kujua kwamba ameamka, akavuta pumzi kwa kishindo, kisha akazama tena usingizini. Hali hiyo ikitokea mara 5 kwa saa huanza kuhesabiwa kuwa ni maradhi. Ikifika mara 30 huwa ni kali. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalitaja watu wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, walio na maradhi haya kwa kiwango kimoja au kingine. Shinikizo la damu mara nyingi huandamana nayo, na dereva asinziaye katika kona za milimani huhatarisha roho za abiria wake wote. Nasi huku nyumbani humsifu mkoromaji kwamba amelala usingizi mnono!

Tiba yake kuu si kidonge bali ni hewa. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walieleza jinsi walivyowapulizia wagonjwa 5 hewa puani wakiwa wamelala, wakaona njia ya hewa ikibaki wazi. Mashine ya kwanza ilitumia mota ya chombo cha kufyonza vumbi, iliyogeuzwa ipulize badala ya kuvuta. Kanieneo inayohitajika ni ndogo mno. Mwalimu na achukue chombo kirefu cha maji, azamishe mrija kwa kina cha sentimita 10, kisha mwanafunzi apulize mpaka viputo vianze kutoka: hiyo ndiyo kanieneo inayowatosha wagonjwa wengi, nayo ni kama sehemu moja tu katika mia ya kanieneo ya hewa ituzungukayo.

Ugumu basi haumo katika mashine. Umo katika barakoa, yaani kile kifuniko cha pua kiunganishacho bomba na uso. Katika siku zile za mwanzo Sullivan alichukua umbo la pua ya kila mgonjwa kwa plasta, akatengeneza barakoa ya pua hiyo peke yake. Viwanda vilipoingia vilileta saizi: ndogo, ya kati, kubwa. Bei ilipungua na wagonjwa wengi wakafikiwa, jambo ambalo silibezi. Lakini uso wa kipimo ulikuwa uso wa nani? Mfano wa jirani unatufundisha. Vipimo vya nyuso vilivyotumika Marekani tangu miaka ya 1970 kukagua vifaa vya kuwakinga wafanyakazi na vumbi vilitokana na askari wa jeshi la anga waliopimwa mwaka 1967 na 1968. Haikuwa mpaka mwaka 2003 walipopimwa wafanyakazi wa kawaida, wake kwa waume na wa asili mbalimbali.

Mimi nilipewa barakoa moja, na maelezo ya dakika chache. Hewa ilivuja kandokando ya pua ikanipuliza machoni. Nilikaza mikanda; ikavuja zaidi, na asubuhi nikaamka na kidonda juu ya pua. Nilipolalamika niliambiwa kwamba sina subira. Kwa majuma matatu mashine ilikaa chini ya kitanda, nami nikiamini kwamba ni udhaifu wangu. Muuguzi mwingine ndiye aliyenifumbua macho. Ukingo wa barakoa hujaa hewa mfano wa tairi, nao ukibanwa mno hukunjika. Mikanda sharti irekebishwe mtu akiwa amelala chali na hewa ikipuliza, si akiwa ameketi. Alinijaribisha aina tatu, ya tatu ikanikaa. Aliniagiza pia niivae jioni kwa nusu saa nikisikiliza redio, ili mwili uizoee kabla haujaombwa kulala nayo.

Niliporudi nyumbani Kitura, wilayani Mbinga, kwa likizo ya mwezi Juni, nilikuta somo jingine. Baridi ya Umatengo iliupoza mvuke uliotoka katika kisanduku cha maji cha mashine, ukageuka matone ndani ya bomba, nami nikaamshwa na maji puani. Niliiweka mashine chini kuliko kichwa, maji yapate kurudi yalikotoka, na bomba nikalipitisha ndani ya blanketi. Juma lililofuata niliteremka Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako joto liliutoa uso jasho na barakoa ikateleza usiku kucha. Mke wangu alikata kanga kuukuu, akashona utepe wa kuweka kati ya mpira na ngozi, na shida ikaisha. Umeme ulipokatika nilizima kipasha maji na kutumia betri ya gari: wati 30 kwa volti 12 ni ampea 2.5, na kwa saa 8 ni ampea-saa 20. Wanafunzi wakague hesabu yangu.

Maoni yangu ni haya. Hospitali inayompa mgonjwa mashine pamoja na barakoa ya aina moja haijampa tiba bado. Fedha za kununulia mashine kumi zingefanya kazi zaidi zikinunua mashine saba na barakoa za namna nyingi, pamoja na kumfundisha muuguzi mmoja kazi ya kuzilinganisha na nyuso. Tena vyuo vyetu vikuu vipime nyuso za watu wa nchi hii. Kazi hiyo yahitaji rula, kalipa na uvumilivu, na hata kidato cha tatu waweza kuianza.

Mjomba wangu wa Kitura husinzia juu ya magunia ya kahawa mchana kweupe. Aliniuliza, “Mpwa wangu, hiki kidude kitanifaa na mimi?” Nilimwambia kwamba kwanza hana budi kupimwa usingizi wake. Kisha, kwa udadisi tu, nikampima upana wa pua kwa kalipa. Ulizidi wangu kwa milimita 6.