Kabla ya Kubadili Kamera, Ipimwe Picha

Mji wa Lamadi, katika Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, umekaa mahali penye kazi nyingi za kamera. Upande mmoja liko Ziwa Victoria na Ghuba yake ya Speke. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hupita hapo, nayo njia ya Bariadi huanzia hapo hapo. Si mbali liko lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Katika eneo kama hilo mpiga picha anaweza kuitwa harusini Jumamosi, kwenye mahafali ya kidato cha nne wiki inayofuata, na baadaye kutakiwa picha za tembo walioingia mashambani.

Kwa mpiga picha wa namna hiyo liko swali moja ambalo huja mapema. Je, kamera ya DSLR ya kuanzia, ile yenye lenzi moja iliyouzwa pamoja nayo, iachwe na kununuliwa kubwa zaidi? Swali hili si dogo. Aghalabu fedha ya kamera mpya ndiyo mtaji wote wa kijana anayeanza kazi, na wengine huipata kwa mkopo. Kamera mpya ikija na picha zikabaki vilevile, deni halitabaki vilevile.

Rai ya makala haya ni kwamba kamera isibadilishwe mpaka mwenye nayo aweze kutaja, kwa kipimo na si kwa hisia, ni sehemu gani ya kamera hiyo inayozuia picha anayoitaka. Hilo ni swali la fizikia, na hesabu zake zimo ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari.

Kamera na sehemu zake

Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyeishi takriban kati ya miaka 965 na 1040, alichunguza jinsi mwanga wa jua lililopatwa unavyopita katika tundu dogo na kuchora umbo lake ndani ya chumba cheusi. Tangu wakati huo kanuni haijabadilika. Kamera ni chumba cheusi, tundu la kuingizia mwanga, na uso wa kuupokea. Lenzi iliongezwa tunduni ili kukusanya mwanga mwingi. Filamu ikawa uso wa kupokea, na baadaye bamba la silikoni, liitwalo sensa, likashika nafasi ya filamu. Kamera ya dijitali aliyoitengeneza Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975 ilikuwa na pikseli 10,000 tu, nayo ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti.

Kamera nyingi za kuanzia za miaka ya karibuni zina pikseli kati ya milioni 18 na 24. Je, idadi hiyo ni ndogo? Ukurasa wa A4 uliochapwa kwa nukta 300 katika kila inchi unahitaji nukta 2,480 kwa 3,508, yaani pikseli milioni 8.7. Kwa hiyo picha ya kutundikwa sebuleni au kuwekwa katika albamu inatoshelezwa na kamera ya kuanzia, na ziada inabaki. Zaidi ya hayo, pikseli zikiongezwa maradufu, kutoka milioni 12 hadi 24, idadi ya nukta katika upande mmoja wa picha huongezeka mara 1.4 tu, kwa kuwa ongezeko hugawanyika katika urefu na upana. Wauzaji hupenda kutangaza idadi ya pikseli kwa sababu ni rahisi kutamkwa. Kwa mnunuzi, hiyo ni moja ya namba zisizosaidia sana kuamua.

Hesabu ya mwanga

Lalamiko la kawaida la wapiga picha wa harusi ni chenga, yaani vidoa vidogo vinavyotapakaa katika picha zilizopigwa ukumbini usiku. Wengi huamini kwamba chenga ni ugonjwa wa kamera ndogo. Asili yake hasa ni uhaba wa mwanga. Chembe za mwanga huifikia sensa kama matone ya mvua yaangukavyo katika makopo yaliyopangwa uani. Hata mvua ikinyesha sawasawa, makopo hayatapata matone yaliyolingana. Ikiwa kwa wastani kila pikseli inapata chembe 100, tofauti ya kawaida kati ya pikseli na pikseli ni kipeuo cha pili cha 100, yaani 10, ambayo ni asilimia 10. Zikifika chembe 10,000, tofauti ni 100, na hiyo ni asilimia 1 tu. Dawa ya chenga, basi, ni mwanga zaidi.

Mwanga huo unaweza kupatikana kwa njia zaidi ya moja, na hapa ndipo hesabu inapotenganisha matumizi mema na upotevu. Sensa ya kamera nyingi za kuanzia ina ukubwa wa takriban milimita 23.5 kwa 15.6. Ile ya kamera kubwa ina milimita 36 kwa 24. Eneo la pili ni mara 2.4 hivi ya lile la kwanza, hivyo kamera kubwa hukusanya mwanga mara 2.4 endapo mambo mengine yote yamelingana. Sasa itazamwe lenzi. Ile inayouzwa pamoja na kamera ya kuanzia, ikivutwa hadi milimita 55, hufungua tundu lake hadi f/5.6 na si zaidi. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa dukani. Uwiano wa mwanga ni mraba wa 5.6 gawanya kwa 1.8, yaani takriban mara 9.7.

Kwa maneno mengine, lenzi ya bei ndogo, ikifungwa katika kamera ile ile ya zamani, huongeza mwanga mara nne ya vile ambavyo kamera kubwa ingeongeza. Kweli, tundu kubwa lina gharama yake. Eneo linaloonekana kwa ukali huwa jembamba, na bibi harusi akitokea vizuri huenda mama mkwe aliye nyuma yake akafifia. Hata hivyo hiyo ni gharama ya ujuzi, nayo hulipwa kwa mazoezi. Taa nayo isisahaulike. Taa moja ya kamera iliyoelekezwa kwenye dari jeupe hubadili picha za ukumbini kuliko sensa yoyote.

Hesabu ya mwendo

Lalamiko la pili ni picha iliyotiwa ukungu na mwendo. Mathalani nyumbu anakimbia mita 10 kwa sekunde, akikata mbele ya mpiga picha aliye umbali wa mita 100 mwenye lenzi ya milimita 300. Taswira ya nyumbu huyo inatembea juu ya sensa kwa kasi ya mita 10 mara 0.3 gawanya kwa 100, yaani milimita 30 kwa sekunde. Pazia la kamera likifunguka kwa sehemu ya 1/60 ya sekunde, taswira itakuwa imesogea nusu milimita. Picha ikikuzwa kufikia upana wa milimita 297 wa ukurasa wa A4, nusu milimita hiyo inakuwa zaidi ya milimita 6 za ukungu. Pazia likifunguka kwa 1/1000, ukungu unashuka chini ya nusu milimita.

Idadi ya pikseli haimo katika hesabu hiyo, wala bei ya kamera. Kilichomo ni kasi ya mnyama, umbali, lenzi na muda. Mwenye kamera ya kuanzia anayegeuza kitufe hadi 1/1000, au anayejifunza kumfuata mnyama kwa mkono uliotulia, atapata picha kali kuliko tajiri aliyeacha kamera yake kubwa ijiamulie yenyewe kwa 1/60.

Kwa wanyama na ndege wa mbali, kamera kubwa inaweza hata kumrudisha mtu nyuma. Lenzi ile ile ya milimita 300 humchora nyumbu kwa ukubwa ule ule juu ya sensa zote mbili. Katika sensa kubwa nyumbu huyo atachukua sehemu ndogo zaidi ya picha. Ili amjaze kama zamani, mpiga picha atahitaji lenzi ya milimita 450, na lenzi ndefu aghalabu ni ghali kuliko kamera yenyewe. Wengi hugundua jambo hili baada ya kulipa.

Funzo la Serengeti

Jirani mkubwa wa Lamadi anafundisha jambo lile lile kwa upande wa utafiti. Nyumbu wa Serengeti waliongezeka kutoka takriban robo milioni mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya sotoka kudhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe wa maeneo ya jirani. Ongezeko hilo lilithibitishwa kwa picha zilizopigwa kutoka ndegeni kwa filamu, kisha wanyama wakahesabiwa mmoja mmoja. Filamu hizo hazikuwa na ufundi wowote wa dijitali. Nguvu yao ilikuwa katika mpango wa kuchagua wapi na lini ndege ipite.

Tangu mwaka 2010 mradi wa Snapshot Serengeti ulisimamisha kamera 225 zinazojipiga zenyewe katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Hizo hazikuwa kamera za fahari. Mnyama akipita hutambuliwa kwa joto na mwendo wake, na picha hujiandika. Kutokana na vyombo hivyo vya kawaida yalipatikana mamilioni ya picha, ambazo watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walisaidia kuzitambua. Watafiti walijua kwanza swali lao, kisha wakachagua chombo kinacholijibu.

Pale inapofaa kubadili

Haitakuwa haki kusema kwamba kamera ya kuanzia inatosha daima. Ziko sababu za kweli za kubadili. Pazia la kamera lina umri wake, na kwa kamera nyingi za kuanzia watengenezaji hukadiria picha kiasi cha 100,000. Anayepiga picha 1,000 katika kila harusi atafika hapo kwa harusi 100. Anayefuatilia ndege warukao ziwani anahitaji kamera inayokaza fokasi upesi na kupiga picha nyingi kwa sekunde moja. Anayelipwa kwa kazi isiyorudiwa, kama ndoa, anafaidika na kamera yenye nafasi ya kadi mbili ili moja ikiharibika kazi isipotee.

Pia mtengenezaji mwenyewe amesogea. Mwaka 2018 Canon na Nikon zilileta kamera kubwa zisizo na kioo, zenye mdomo mpya wa lenzi, na tangu hapo uvumbuzi umehamia huko. Lenzi za zamani huweza kutumika humo kwa kiunganishi. Hilo linatia nguvu shauri la kununua lenzi njema kwanza. Lenzi huhama na mwenyewe kutoka kamera moja hadi nyingine, hali sensa huzeeka.

Jaribio la darasani

Shule yenye kamera moja inaweza kulifanya swali hili kuwa somo. Ukurasa wa gazeti ubandikwe ukutani na upigwe picha kutoka umbali uleule, kwanza kwa mkono, kisha kwenye stendi ya miguu mitatu. Halafu tundu libadilishwe hatua kwa hatua, f/5.6, f/8, f/11 hadi f/22, na mengine yote yaachwe yalivyo. Wanafunzi wataona kwamba f/22 inafifiza herufi. Sababu yake ni mtawanyiko wa mwanga katika tundu dogo. Kwa mwanga wa kijani, nukta moja hutanda hadi milimita 0.03, nayo pikseli ya sensa ndogo ya milioni 24 ina upana wa milimita 0.004 tu.

Kisha anga jeupe lipigwe kwa f/16. Madoa meusi yasiyohama kutoka picha hadi picha ni vumbi juu ya sensa. Kamera nyingi zilizohukumiwa kuwa zimechoka zilihitaji kusafishwa tu. Mwisho zikusanywe picha 200 zilizokataliwa, na mbele ya kila moja iandikwe sababu: giza, mwendo, fokasi, vumbi, au kamera kushindwa kweli. Mipangilio ya kila picha imehifadhiwa ndani ya faili lake, kwa hiyo ubishi utakuwa mdogo.

Jedwali hilo ndilo litoe hukumu. Likionyesha giza, zinunuliwe lenzi na taa. Likionyesha mwendo, yabadilishwe mazoea. Safu ya mwisho ikijaa, basi kamera mpya ni haki ya mwenyewe, naye atainunua akijua analipia nini. Mwalimu atakayewazoeza vijana kupima hivyo atakuwa amewapa kinga dhidi ya hasara nyingi, kwani dawa ya kunyunyizia pamba, mashine ya kusaga na simu ya mkononi nazo huuzwa kwa maneno matamu yale yale.