KULALA KWENYE PIKAPU SAWA, ILA LILE JIKO LITOKE NJE!

Mjini sasa hivi kama hujalala kwenye hema juu ya pikapu, wewe bado hujala bata. Picha zenyewe kila mtu anazijua: dabo kebini imepaki kwenye majani, hema limefungwa nyuma kwenye bodi, vitaa vinaning'inia, mtu kajifunika blanketi na kikombe cha kahawa mkononi. Hakuna hoteli, hakuna mapokezi, ni nyie wawili na nyota.

Sasa kuna kapo moja maarufu, majina yamewekwa kapuni, wao picha zao wamepigia Vwawa, makao makuu ya mkoa wa Songwe, wakiwa wameenda kukiona Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi. Kwa kuchagua huko wapewe maua yao. Watu wamezoea Zanzibar na Serengeti tu, kumbe huku juu kuna bonge la chuma lililoanguka kutoka angani, urefu wake kama mita 3, uzito unakadiriwa tani 12. Kuna mashamba ya kahawa, kuna reli ya TAZARA inapita, na kuna hewa safi ambayo Kariakoo huipati hata kwa hela.

Tatizo ni picha ya nne.

Wako ndani ya hema, zipu imefungwa mpaka chini, na katikati yao kuna jiko la mkaa linawaka jekundu. Mashabiki wakashusha makopakopa. Wengine wakauliza hema linauzwa wapi na bei gani. Karibu kila mtu kaona mahaba. Wachache waliosema lile jiko ni hatari wakaambiwa wana wivu, hawana hata baiskeli.

Jamani, sio wivu. Lile jiko linaua.

Mkaa ukiwaka unatoa gesi inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Watu wengi wanasubiri mkaa ushike, moshi uishe, ndio waingize jiko ndani wakiamini sasa ni salama. Moshi umeisha kweli, ila gesi haijaisha. Ukiivuta inakaa kwenye damu pale ambapo oksijeni ilitakiwa ikae, na inang'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu. Aliye macho anaweza akashtuka akatoka nje. Aliyelala hashtuki. Anapitiliza moja kwa moja.

Hii sio stori ya Ulaya. Kila msimu wa baridi mikoa ya Nyanda za Juu zinasikika habari za familia iliyolala na jiko ndani ikakutwa asubuhi haiamki. Vwawa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ikifika Juni na Julai, mtu aliyetoka Dar na kijisweta chake cha kupigia picha, saa nane za usiku atatafuta moto popote ulipo.

Kuna watakaosema mbona mabibi zetu walilala na moto ndani miaka yote. Ni kweli, na wapo waliodhurika pia ila hakuna aliyejua sababu. Halafu nyumba ya nyasi inapumua kila upande. Hema la kisasa limetengenezwa lizuie mvua na upepo, na ukilifunga zipu umejifungia kwenye mfuko. Nafasi ya ndani ni ndogo, haizidi sana kitanda cha futi tano kwa sita. Gesi haihitaji muda mrefu kujaa humo.

Na pikapu ina mtego wake mwingine. Bomba la moshi liko kule kule nyuma, chini ya mahali ulipolaza kichwa. Anayewasha injini ili achaji simu au apate joto, akasinzia, anaweza kujivutia gesi ile ile kutoka kwenye ekzosi, inapenya taratibu kwenye hema. Ukishazima gari kwa ajili ya kulala, lizimwe mpaka asubuhi.

Kinachochekesha ni kwamba haya maisha yanaitwa mapya. Barabara ya TANZAM inayopita hapo hapo Vwawa kwenda mpakani Tunduma ina watu waliolala kwenye magari kabla mastaa hawajazaliwa. Kituo cha pamoja cha mpakani Tunduma na Nakonde kilizinduliwa 2019, lakini foleni ya malori bado ni jambo la kawaida kule. Ukipita jioni utamuona dereva na utingo wake wamekaa ubavuni mwa lori, jiko liko chini, sufuria ya ugali iko juu. Wanapikia nje, halafu wanapanda kulala. Hao hakuna anayewapa makopakopa, ila ndio walimu wa kweli wa kulala garini.

Kwa anayetaka kwenda, aende, raha ipo kweli. Ila ajue kwamba baridi kali inatoka chini. Bodi ya pikapu ni bati, upepo unapita chini yake, kwa hiyo hata ukijifunika mablanketi matatu mgongo utaganda. Tandika maboksi, kisha mkeka, kisha godoro, ndio ulale. Vaa soksi na kofia. Chemsha maji, tia kwenye chupa isiyovuja, izungushie kitambaa, iweke miguuni. Jiko lipikie nje mbali na hema, na kabla ya kulala limwagie maji kabisa. Matundu ya hewa ya hema yaache wazi hata kama yanaleta ubaridi.

Na ikitokea mwenzako ameanza kulalamika kichwa, usikimbilie kumpa maziwa. Gesi imeingia kwa njia ya mapafu na iko kwenye damu, maziwa hayaifuati huko. Mtoe nje kwenye hewa safi haraka, mpeleke hospitali akapewe oksijeni.

Turudi kwa kapo yetu. Inawezekana jiko lilikuwa la picha tu, dakika mbili likatolewa, wakalala zao salama. Lakini aliyeko Mbagala haoni hizo dakika mbili. Anaona jiko, hema na watu wanaocheka. Kesho vijana wanne wanaazima Hilux ya mjomba, wananunua mkaa Mlowo, wanafunga zipu. Ukiwa na wafuasi wengi hivyo, picha yako ni mafunzo hata kama wewe uliiona kama mahaba tu.

Kuifuta ile picha ya nne ni sekunde tano. Kuandika chini yake kwamba jiko halilali ndani ni dakika moja. Haipunguzi ustaa, na huenda ikamwamsha mtu asubuhi.

Wewe unaonaje, wasamehewe au waifute leo? Na kama wewe umeshalala na jiko ndani ukaamka salama, ulikuwa na bahati. Usirudie.