Bia ya ng'ambo ni changa la macho

Vijana wenzangu wa Tunduma, tuambizane ukweli hata kama unauma. Ile chupa ya kijani ya Ulaya tunayoiweka mezani lebo ikitazama mlangoni, ili kila anayeingia aione, haina lolote! Nimeionja juzi kwa bei ya Safari mbili na mishikaki juu yake. Jina nalihifadhi, sina pesa ya wakili. Povu lilikufa kabla sijanyanyua glasi. Harufu ya kicheche, ladha ya boksi lililolowa.

Hakuna uchawi hapo. Bia haizidi utamu kwa kukaa. Mwanga wa jua ukipenya chupa ya kijani huharibu hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake, na ndiyo harufu ile. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Joto nalo huizeesha bia upesi. Sasa piga hesabu: majuma baharini, bandarini, kisha lori zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar, halafu inapangwa dirishani mwa baa kama pambo, jua linaichoma. Na kiwanda cha bia kipo Mbeya, kilomita kama 100 tu kutoka hapa!

Lakini mjanja wa mjini hataki kuonekana na chupa ya kahawia. Nani kamfundisha? Vigogo, nani mwingine. Jukwaani wanatuhubiria tupende vya nyumbani, wakishuka wanaulizia kopo la ng'ambo.

Kuna watakaosema basi tuvuke Nakonde tukachape Mosi. Vukeni, ni hatua chache. Ila mjue mnajaza mfuko wa nani. Mwaka 1993 serikali iliuza nusu ya TBL kwa SAB ya Afrika Kusini. Kampuni ya bia ya Zambia nayo ikaangukia mikono hiyo hiyo, na mwaka 2016 AB InBev ya Ubelgiji ikawameza wote. Kwa hiyo wa Tunduma anavuka kunywa Mosi, wa Nakonde anavuka kunywa Safari, kila mmoja anajidai yuko ughaibuni, na faida ya wote wawili inapanda ndege moja.

Serikali je? Tangu mwaka 2019 bia inabandikwa stempu ya kodi ya kielektroniki. Safi sana, chao hakipotei. Mlalahoi aliyelipia bia iliyochacha anamlilia nani? Mbona hatujasikia msako wa bia zilizozeeka kama tunavyosikia msako wa magendo?

Mpaka watakapojibu, mhudumu akikuletea ya kijani, mzuie kabla hajafungua. Geuza chupa, soma tarehe. Ikiwa imefutika, airudishe alikoitoa.