Kesi ya Mtoto Ifike Mwisho

Iko kauli inayorudiwa mno wilayani Kasese, Uganda, kuanzia steji ya Kikorongo hadi soko la Mpondwe, na wakati mwingine hata madhabahuni: mzazi hashindwi kesi ya ulezi wa mwanawe. Akikataliwa leo, arudi mwezi ujao. Akikataliwa tena, abadilishe wakili. Msemaji hujiona anatetea damu na ukoo. Anachotetea ni uhuru wa mtu mzima kumchosha mwenzake, huku mtoto akiumia.

Mambo yenyewe huenda hivi. Mama anakaa Bwera, wito wa mahakama unamtaka mjini Kasese kwa ombi la mzazi mwenzake. Alfajiri anaacha kibanda kimefungwa, anamwombea mtoto ruhusa shuleni maana huenda hakimu akataka kumwona, wanapanda teksi. Kutoka mpakani Mpondwe hadi njia panda ya Kikorongo ni kama kilomita 38, kisha barabara kuu ya kuelekea mjini. Karatasi za wito amezifunga kwenye mfuko wa plastiki, zimechakaa kwa kukunjwa. Wanafika, wanaambiwa kesi imeahirishwa: mwombaji hakutokea. Nauli imekwenda, mauzo ya siku yamekwenda, mtoto amekosa mtihani. Mwombaji wa namna hii hahitaji hukumu. Kumsumbua mwenzake ndiko alikokusudia.

Sheria haikuagiza hayo. Sheria ya Watoto ya Uganda inatanguliza ustawi wa mtoto, na inatamka kuwa kuchelewesha uamuzi huelekea kumdhuru. Shauri linalofufuliwa kila msimu ni ucheleweshaji usiokoma. Kweli, amri ya ulezi hubadilishwa hali ikibadilika. Basi mwombaji aonyeshe kwanza kilichobadilika, kabla upande wa pili haujaitwa.

England na Wales wanayo kanuni hiyo katika Sheria ya Watoto ya 1989. Kifungu cha 91(14) kinamruhusu jaji kuamuru kwamba mtu fulani asilete ombi jingine bila idhini ya mahakama. Mwaka 2022 kikaanza kutumika kifungu cha 91A, kinachoeleza kuwa amri hiyo yaweza kutolewa pale ombi jipya litakapomhatarisha mtoto au mtu mwingine. Mzazi hakunyimwa mahakama, ameombwa sababu.

Wapinzani wanalia kwamba wazazi watanyang'anywa watoto wao. Nani kasema hivyo? Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda inampa kila mtu haki ya kusikilizwa. Haikumpa haki ya kusikilizwa juu ya jambo lile lile mpaka apate jibu analolipenda. Wengine wanaleta mila, eti mtoto ni wa ukoo wa baba. Ukoo huo ulikuwa wapi karo ilipodaiwa?

Hili la karo linaudhi kuliko yote. Wapo wanaoukumbuka ubaba siku amri ya matunzo inapotolewa. Wakidaiwa, huvuka Mpondwe wakaingia Kasindi, upande wa Kongo, na simu ikazimwa. Siku ya kufungua ombi jipya wanaonekana, wakili ubavuni. Akina mama wafanyao vivyo hivyo wapo pia, na kanuni iwabane wote.

Bunge liandike kifungu kilicho wazi: ombi la pili ndani ya miaka 2 lisomwe kwanza na hakimu peke yake, na mwombaji aeleze kwa maandishi kilichobadilika na alichotoa kwa matunzo tangu amri ya mwisho. Ombi tupu litupwe hapo hapo, na gharama zake zilipwe na aliyelileta.