Pasaka ya Wayahudi: Je, wazee wale peke yao?

Jioni ya Aprili 8, 2020, Wayahudi walianza Pasaka, wakikumbuka babu zao walivyotoka utumwani Misri. Desturi ni ukoo kukaa meza moja, kula mkate usiotiwa chachu na mboga chungu, na mtoto mdogo kuliko wote kuuliza kwa nini usiku huu ni tofauti.

Mwaka huo nchini Israeli, kwa sababu ya corona, safari kati ya miji zilipigwa marufuku, na usiku huo ilikuwa marufuku kwenda kula kwa ndugu. Wazee wengi walilazimika kula peke yao.

Je, wajukuu wangeweza kuwaona kwa video? Baadhi ya marabi waliruhusu, mradi mtambo uwashwe kabla sikukuu haijaingia, ili wazee wasikate tamaa. Marabi wakuu walikataa: dini inakataza kutumia vyombo vya umeme siku hiyo, isipokuwa kuokoa uhai.

Swali basi ni hili: upweke wa mzee ni huzuni tu, au ni hatari kwa uhai wake?

Kitabu cha Kutoka kinasema usiku ule wa kwanza pia waliamriwa wasitoke mlangoni hadi asubuhi. Lakini ndani, kila jamaa ilikuwa pamoja.